Uzi Mwekundu wa Mama Micah

Kiamunyi, Nakuru
Jumapili, 11 Mei 2025

Shosho wangu,

Kabla hujauliza: nakula, naoga na sijakonda. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikuyu changu, kama unavyosema mwenyewe, kinatosha kuomba chai tu. Mtoto aliyelelewa mjini, mtaa wa Rhonda, utamfanya nini? Isitoshe, matroni husoma barua zetu kabla hazijatoka, na yeye ni mtu wa Kericho, Kikuyu hakijui. (Matroni, ukifika hapa, pole kwa kazi.)

Habari kubwa ni kwamba nimepata nafasi kwenye igizo! Klabu ya drama inaigiza tamthilia moja ya zamani, ya nchi za watu, kuhusu kesi za wachawi. Mwalimu Hemed ametuambia hatupandi jukwaani kabla hatujaisoma mstari kwa mstari, kama vile ni ya mtihani. Iko hivi. Kuna kijiji cha watu wa kanisa, baridi yake kama ya huko kwako Dundori. Wasichana wanaanza kuanguka na kupiga nduru. Wakubwa wanawauliza nani amewaroga, na wao, kwa kuogopa kuchapwa, wanataja majina. Kwanza wanataja mwanamke maskini ambaye hakuna anayemjali. Wakiona wameaminiwa, wanataja hata watu wazuri. Halafu anakuja hakimu. Anayekiri anaachwa hai, anayekataa ananyongwa. Mimi ni msichana wa kazi anayemtaja mama mzee aliyemlea. Namnyooshea kidole, kisha naanguka chini. Nimeanguka wiki nzima mpaka goti limechubuka.

Sasa shida yangu. Kuna mahali askari wanakuta kifurushi kimening'inia kwa dari ya yule mama mzee, kifurushi cha uchawi. Mwalimu hataki mfuko wa plastiki uliojazwa magazeti. Anataka kitu ambacho hata yeye akikiona atarudi nyuma. Nikainua mkono nikasema Shosho wangu ataweza. Tunahitaji kitambaa kuukuu, manyoya ya kuku, mfupa na nywele, vyote vifungwe kwa uzi mwekundu unaoonekana mpaka nyuma ya ukumbi. Ukimaliza mpe Jeff wa pikapu akileta waru, hivyo viazi vyenu, mjini, akiache getini.

Siku ya wazazi ni mwisho wa Julai. Lazima uje unione nikipiga nduru.

Mjukuu wako,
Abby

*

Dundori
Jumamosi, 17 Mei 2025

Abby wangu,

Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili nikatafuta miwani, nikidhani nimesoma vibaya. Mama yako anasuka nywele za watu huko Rhonda mpaka miguu inavimba, ili wewe ufundishwe kuanguka chini. Haya. Kama ni masomo, ni masomo.

Kifurushi kiko tayari. Kitambaa ni ile aproni yangu iliyoungua na pasi. Manyoya ni ya yule jogoo aliyekuwa anakukimbiza. Tulimla Pasaka, kwa hivyo mmemalizana. Mfupa ni wa kondoo na nimeuosha. Nywele ni zangu, za kwenye kichana. Nimetia na majivu kidogo. Hukuyaomba, lakini niliona yanahitajika. Uzi mwekundu sikuwa nao. Mama Micah alikuwa amesahau kapu lake la kufuma hapa kwangu, anamfumia Micah sweta, basi nikakata kipande. Sijamwambia. Akigundua atanitukana, kisha tutakunywa chai. Ndivyo tumeishi miaka yote.

Pikapu ya Jeff imeharibika giaboksi, kwa hivyo nimekining'iniza kwa boriti ya stoo panya wasifikie mfupa. Stoo imejaa mwaka huu. Chama chetu kizima cha wakulima kimeleta mbegu zake za waru kwangu tena, kwa sababu stoo yangu ina upepo na mwanga wa kiasi, na mbegu zinachipua fupi, nene, kijani. Kila mtu ana rafu yake. Ya Mama Micah ni ile ya mlangoni. Anasema anapenda kuzisalimia mbegu zake bila kupita kati ya mbegu za watu.

Nikiingia stoo asubuhi nashtuka na hicho kitu chako, halafu nakumbuka ni kazi yangu.

Shosho wako,
Wachuka

*

Kiamunyi
Jumapili, 25 Mei 2025

Shosho fundi,

Kimefika! Jeff alikiacha ndani ya gunia lililoshonwa. Askari wa geti akafungua kukagua, kisha akaniita akiwa amesimama hapo mbali. Mwalimu Hemed alipokitoa alitaja jina la Mungu na kurudi nyuma hatua nzima, darasa likapiga makofi. Amesema nikupe salamu, kwamba wewe ni msanii uliyejificha mashambani. Huo uzi unawaka kama taa.

Nuria, yule rafiki yangu ambaye baba yake ana duka la vitambaa mjini, ndiye mama mzee. Nimemfundisha kutembea kama wewe, mkono kiunoni, akilaumu magoti kwa sauti ya chini. Usikasirike. Anakuigiza vizuri sana, ndiyo maana kumnyooshea kidole kunanipa shida kidogo.

Darasani tunabishana nani mwenye makosa: wasichana, hakimu au kijiji. Mimi nasema hakimu. Nuria anasema ni jirani aliyejua ukweli akabaki nyumbani akipika. Wewe unasemaje? Na mbona hujaniambia kama Mama Micah amekutukana?

Abby

*

Dundori
Jumanne, 3 Juni 2025

Abby,

Mwambie mwalimu asante kwa salamu. Huku mvua haikatiki.

Ng'ombe wa Mama Micah, yule wa madoa, alitupa mimba kabla ya wakati. Ndama alikuwa wa kike, na mwenyewe alikuwa amemngoja sana. Nilienda kumpa pole nikakuta mlango umefungwa, nikaacha jagi la uji hapo nje. Jagi bado halijarudi.

Stoo sasa ina nafasi kubwa. Ukiongea ndani unajisikia mwenyewe.

Nina maswali kuhusu hiyo tamthilia yenu. Askari walipokuta kitu darini, kuna mtu alimuuliza mama mzee ni kitu gani? Sisemi kuuliza kwa polisi. Nasema kuuliza kama mtu anavyomuuliza mtu. Na huyo mama hakuwa na rafiki? Kama alikuwa naye, siku hiyo rafiki alikuwa wapi? Nijibu hayo. Habari ya goti lako nimeshaisikia.

Shosho

*

Kiamunyi
Jumapili, 8 Juni 2025

Shosho,

Pole kwa Mama Micah na ndama wake. Mwambie Abby amesikitika.

Wewe ungekuwa darasa letu ungekuwa wa kwanza! Nilimsomea Mwalimu Hemed maswali yako, akayaandika ubaoni na kutupatia insha. Haya, majibu. Moja: hapana, hakuna aliyemuuliza vizuri. Wanamuuliza kama tayari wana jibu, na kila analosema linageuzwa kuwa ushahidi. Akilia, ni uchawi. Asipolia, huo ndio uchawi wenyewe. Mbili: ana rafiki, jirani ambaye walizaa miaka ileile na kulima pamoja. Huyo rafiki amefiwa na watoto na hajui kwa nini, na mtu akiwa na uchungu asioujua sababu yake anataka sana sababu. Kwa hivyo rafiki ndiye anapeleka mashtaka. Mwalimu anasema hapo ndipo mwandishi alituumiza kwa makusudi.

Naona umeuza mbegu, ndiyo sababu stoo ina nafasi? Basi likizo fupi ya midterm utanichinjia kuku. Nakuja huko moja kwa moja, mama atanipata baadaye.

Abby wako mwenye njaa

*

Dundori
Jumanne, 17 Juni 2025

Abby wangu,

Barua yako nimeisoma mahali pale pa rafiki mara nyingi kuliko nilivyopanga.

Sijauza kitu. Watu walichukua mbegu zao mapema, basi. Midterm nenda kwa mama yako Rhonda. Huku ni tope tu, barabara imekatika, na mimi nina kazi. Nimepewa likizo kanisani. Zamu yangu ya kupika chai ya akina mama amepewa mtu mwingine, wamesema nipumzike. Nimepumzika vya kutosha. Ninakaa kiti cha nyuma siku hizi, kuna hewa safi.

Swali moja tu leo. Huyo mama mzee, kama akikiri anaachwa, mbona hakiri aende nyumbani akapike?

Vaa sweta.

Shosho

*

Kiamunyi
Jumatatu, 30 Juni 2025

Shosho,

Siku zote za midterm nilizokuwa huko, ingawa ulinikataza kuja, hukutaka tuongee. Nikianza tu, unanituma kuni. Nikirudi na kuni, unaniambia ninywe uji. Sasa naandika kwa sababu barua huwezi kuituma kuni.

Barabara haikuwa imekatika. Niliona stoo. Rafu zote tupu, imebaki yako peke yake kule mwisho. Niliona Mama Njoki wa dukani akikuwekea chumvi juu ya kaunta badala ya mkononi mwako. Niliona Mama Micah akija na barabara, akakuona, akageuka kama amesahau kitu. Mama Micah, Shosho! Yule aliyekuwa anaingia jikoni kwetu bila kubisha na kufunua sufuria.

Ni Jeff aliyenieleza, nilipomlazimisha, akipakia waru.

"We Abby, acha tu," akasema. "Si Mama Micah aliingia kwa stoo kuchukua kapu yake, akaona kitu imening'inia hapo juu ya mbegu yake. Manyoya, nywele, nini nini. Na imefungwa na uzi yake. Yake mwenyewe! Hiyo wiki tu, ng'ombe ikatupa. Watu wakaunganisha."

"Na wewe unaamini?"

"Mi sijui. Lakini mbegu ya mathe wangu ilikuwa hapo pia, ilibidi tutoe. Utafanya nini?"

Hakujua kwamba lile gunia alilobeba mwezi wa tano lilikuwa na kitu hichohicho. Nilifungua mdomo nimwambie, nikakuona umesimama kwa mlango wa jikoni ukinitikisia kichwa. Nikanyamaza, na tangu hapo ulimi wangu una uchungu.

Na jambo la mwisho ndilo linanikosesha usingizi. Nikitafuta kandambili chini ya kitanda chako nilikuta katoni. Sahani zako zimefungwa na magazeti. Mama anasema amekuandalia nafasi Rhonda, na kwamba mwisho wa Julai chama kinakaa kuamua kama utabaki au utatolewa. Shosho, wewe Rhonda? Utapanda waru wapi, kwa ndoo?

Mimi ndiye niliyeomba hicho kitu. Barua yangu ya mwezi wa tano unayo. Itoe! Isome mbele ya chama, neno kwa neno, na goti langu ndani yake. Ama nimwambie Mwalimu Hemed aje na kifurushi awaeleze. Na kutoka leo siigizi tena. Jana kwenye mazoezi nilimnyooshea Nuria kidole nikaona wewe, nikakimbia nje. Kumbe nilikuwa nakuandikia majibu ya mtihani na wewe uko ndani ya mtihani wenyewe.

Nisamehe.

Abby

*

Dundori
Ijumaa, 4 Julai 2025

Mtoto wangu,

Umenishika. Nilidhani nimeficha, na wewe una macho ya mama yako.

Kwanza, hakuna cha kusamehe. Uliomba kitu cha shule, nikakitengeneza nikifurahi. Sijafurahi hivyo tangu babu yako aondoke. Usiniharibie hiyo furaha sasa.

Barua yako ninayo, nzima. Siku ile nilipojua kinachosemwa niliitia ndani ya leso nikaenda nayo mpaka geti la Mama Micah. Nikasimama hapo. Nikarudi nayo. Nitakueleza, na usinikatize.

Mama Micah na mimi tuliolewa kwenye hii barabara mwaka mmoja. Alipofiwa na mume nilihamia kwake, mpaka akaweza kulala peke yake. Mimi nilipopasuliwa tumbo, yeye ndiye alinikamulia ng'ombe, akarudi akaniosha mwili huu wote, kila mahali, akinichekesha ili nisione aibu. Sasa mtu aliyeniosha hivyo anataka karatasi ndipo ajue mimi ni nani? Nikimpa karatasi ataamini karatasi. Mwaka kesho ng'ombe mwingine atatupa mimba, ama mvua ya mawe itapiga waru, na hiyo sitakuwa na karatasi yake.

Ninachotaka ni kidogo. Nataka aingie kwangu kama zamani, afunue sufuria, aniulize, "Wachuka, kile kitu kilikuwa nini?" Hilo swali nimelijibu kichwani nikipalilia, nikikamua, nikiomba. Lakini hajaliuliza. Akikosa kuliuliza, nitaenda Rhonda na sahani zangu, na nitapanda waru kwa ndoo. Sema ni ukaidi. Ni ukaidi kweli, lakini ni wangu. Na lile swali langu nimelijibu mwenyewe: nadhani huyo mama mzee hakiri kwa sababu anataka kurudi nyumbani akiwa yeye, si mtu mwingine aliyeazima jina lake.

Sasa kuhusu igizo. Hutoki. Utarudi, na utamnyooshea Nuria kidole vizuri. Lakini naona mnamfanya huyo msichana mbaya, na huyo rafiki pia. Usimfanye mbaya. Mfanye mwoga. Siku ile nilimwona Mama Micah akitoka stoo na kapu lake. Sikujua ameona nini, nilimpungia tu. Lakini niliona mikono yake. Alishindwa kufunga komeo, mara ya kwanza, mara ya pili, akaacha mlango wazi akaenda. Alikuwa anaogopa, Abby. Alidhani mtu anayempenda kuliko wote amemfunga ndani ya kitambaa. Nilimkasirikia sana, na bado namkasirikia, lakini nikikumbuka hiyo mikono nataka kumpelekea uji tena.

Niahidi jambo moja. Hutamwambia mtu yeyote wa huku habari ya kifurushi. Si Mama Micah, si Jeff, si mtu wa chama.

Nakupenda. Sijui kama nimewahi kukuandikia hivyo.

Shosho wako,
Wachuka

*

Kiamunyi
Jumapili, 13 Julai 2025

Kwa Mama Micah,

Salamu nyingi kwako na kwa Micah. Ni mimi Abby, mjukuu wa Wachuka. Pole sana kwa ndama wako. Nilikuwa huko midterm na sikuja kukusalimia, na hiyo haikuwa adabu.

Nina ombi la kimasomo. Shuleni tunaigiza tamthilia ya kesi za wachawi. Mimi ni msichana anayemtaja mama mzee aliyemlea. Mwalimu anasema nafanya vizuri kila mahali isipokuwa hapo. Nikifika kwenye kumtaja, sauti inakatika. Nimejaribu kufikiria kwamba simjui. Nimejaribu kumkasirikia. Haikusaidia.

Nimekumbuka kwamba nilipokuwa mdogo nikapatwa na nimonia, mama akiwa mjini, wewe ulinifunga mgongoni na Shosho akashika mwavuli, mkanipeleka hospitali kwa miguu kwenye mvua, mmepatana kupokezana. Shosho alisema ulikataa kunishusha hata ilipofika zamu yake, mkagombana njia nzima. Kwa hivyo niliona nikuulize wewe. Mtu akiogopa sana, na anayemwogopa ni mtu wake, anafanya nini na zile siku zote za nyuma? Anaziweka wapi? Mwandishi hakuandika, na Mwalimu Hemed hajui.

Siku ya wazazi ni Ijumaa tarehe ishirini na tano. Karibu sana ukipata nafasi. Usipopata, nitaelewa.

Kwa heshima,
Abby

*

Dundori
Jumapili, 27 Julai 2025

Abby wangu,

Uliona tukicheka na kulia pamoja pale nje ya ukumbi, ukauliza kuna nini, nikakuambia nitakuandikia. Kengele ilikuwa inalia na Jeff anapiga honi. Sasa nimekaa, nimejaza chai, naandika.

Jumatano nilikuwa nafagia stoo. Nilifagia tu, hakukuwa na uchafu. Nikasikia punda kwa geti. Ni Mama Micah, na mkokoteni, na magunia yake ya mbegu. Hakusema hujambo. Alishusha gunia la kwanza mwenyewe, akalifungua, akanionyesha. Alikuwa ameziweka gizani chini ya kitanda, zimeota ndevu ndefu nyeupe mpaka zimeshikana.

"Angalia vile zimekuwa," akaniambia, kama vile ni makosa yangu.

"Naona."

"Kwangu haziwezi. Zinataka hapa."

Nikamwambia rafu yake iko palepale. Tukapanga mbegu, mimi upande huu, yeye upande ule, tukikata zile ndevu. Niliangalia mikono yake. Ilikuwa imetulia. Hakuangalia boriti hata mara moja. Tulipomaliza aliingia jikoni, nikasikia kifuniko cha sufuria. Hapo nilibaki stoo kidogo, kwa sababu machozi yangu huwa hayasikii nikiyakataza.

Nilipoingia alikuwa ameketi kiti chake, na jagi langu la uji liko mezani, safi. Akasema, "Huyo mtoto wako aliniandikia." Nikashtuka, nikadhani umevunja ahadi. Akasema uliuliza habari ya mvua na mgongo. Akasema alikaa na hiyo barua siku kadhaa akitafuta jibu lako, na jibu hakulipata, akaona heri alete magunia. Halafu akaweka mikono juu ya meza na kusema, "Wachuka, nilikukosea." Nikasema ndiyo. Nikamwongezea chai. Hakuuliza kitu kilikuwa nini. Nilingoja, nikadhani sasa ataliuliza. Aliongea habari ya mbolea.

Alhamisi mama yake Jeff akaleta zake. Akafuata huyu, akafuata yule, kila mmoja na sababu yake, wengine wakisema kwao kuna panya. Jana chama kilikaa na hakuna aliyetaja jina langu. Mama Njoki alinipa kitabu cha zamu ya chai ya kanisa mkononi, akakishikilia kidogo kabla ya kukiachilia.

Lakini nataka kukueleza habari ya Ijumaa. Sikuwa nimemwita Mama Micah. Alfajiri nilimkuta ameketi kwenye pikapu ya Jeff, amevaa ile koti ya harusi. Hakuna mtu alikuwa amemwambia kitu. Mimi nilinyamaza, wewe ulinyamaza. Tukaingia ukumbini tukaketi safu ya tatu.

Ulinyoosha kidole. Mikono yako ilitetemeka mpaka nikataka kupanda huko juu nikufunike. Mama Micah alipumua kwa nguvu, akashika goti langu. Halafu askari wakapanda darini, wakashuka na kile kitu, wakakiinua juu kwenye taa.

"Huo ni uzi wangu," akasema. Hakunong'ona. Mzee wa mbele aligeuka.

"Ni wako," nikasema.

Akaangalia jukwaa, akaniangalia mimi, akaangalia jukwaa tena. Nuria wenu alikuwa anaburutwa, mkono kiunoni, analaumu magoti. Nilihisi Mama Micah ameanza kutikisika na sikujua ni kilio au kicheko, naye pia sidhani alijua. Alinishika hivyo mpaka watu wakapiga makofi.

Nje, pale ulipotukuta, ndipo aliniuliza. "Kwa nini hukuniambia kile kitu ni cha shule?"

"Ningekuambia mwezi wa sita, ungeamini?"

Unamjua, hawezi kudanganya hata kwa kusaidia. Akafikiri, akasema, "Mwezi wa sita, hapana."

"Na Jumatano?"

"Jumatano nilikuwa sihitaji tena."

Hicho ndicho ulikuta tunalilia.

Sahani nimezirudisha kwenye rafu, moja ilipasuka ndani ya katoni, mwambie mama yako si lazima aniletee nyingine. Na umwambie Mwalimu Hemed kwamba akimaliza na kifurushi arudishe uzi. Mama Micah amezunguka maduka ya mjini, rangi hiyo haipatikani, na sweta ya Micah imebaki mkono mmoja.

Shosho wako,
Wachuka